Deli la Hitima na Diski Nane

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nimewatangazia majirani kwenye kundi la WhatsApp la jengo: picha na video zao zote nitazihifadhi mimi, bure, kwenye kompyuta moja hapa kwangu ghorofa ya pili. Diski nane ninazo. Bado kasha la kuziweka. Nimezunguka Kariakoo tangu asubuhi. Makasha yote yana vioo na taa za disko, nafasi ya diski mbili! Moja tu lina nafasi nane. Jeusi, zito, limetulia. Muuzaji kasema Ghassan, yule wa duka la simu hapa kwetu chini, alichukua kama hilo. Basi. Nimeliacha. Mimi nionekane namuiga Ghassan? Thubutu!

Jumanne, 12 Agosti
Akili ni mali! Mke wangu Kuruthumu ndiye mtunza vyombo vya shughuli vya wanawake wa jengo, mwaka wa tisa huu, na hajapoteza hata kijiko. Stoo yake ina deli la barafu, jekundu, kubwa. Diski zinaogopa joto. Kazi ya deli ni ubaridi. Sasa hao watengeneza makasha walisomea wapi? Nimeazima drili kwa Ghassan, nikamwambia natundika pazia. Matundu matatu: mawili ya nyaya, moja la feni. Kuruthumu yuko kwa dada yake Buguruni mpaka kesho kutwa. Nimemwomba ruhusa moyoni.

Alhamisi, 14 Agosti
Ukilitia deli ubaridi, linatunza ubaridi. Ukilitia joto, linatunza joto. Hili hakuna aliyeniambia. Diski hazishikiki! Zimezima zenyewe. Nikiwa nazipepea kwa kawa la kufunikia chakula, Bi Wafa wa ghorofa ya nne akaandika kwenye kundi: hitima ya arobaini ya mumewe ni Jumamosi, juisi ya ukwaju itakaa kwenye deli jekundu. Nimezitoa diski mbio. Matundu nimeziba kwa sabuni ya mche, mafundi huziba hivyo matangi ya mafuta. Juu yake rangi ya kucha ya Kuruthumu, nyekundu. Hakionekani kitu.

Jumamosi, 16 Agosti
Nina aibu hata ya kushika kalamu. Juisi ilitoa povu. Sheikh alipiga funda moja, akasema alhamdulillahi, akaomba maji. Nilikuwa mlangoni kwa wanawake na sinia la pilau nikamsikia Bi Wafa akiuliza, "Kuruthumu mwanangu, deli uliliosha na nini?" Mke wangu, asiyejua lolote, akasema labda hakulisuuza vizuri, wamsamehe. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nikauliza pilau ipelekwe wapi.

Jumapili, 17 Agosti
Kuruthumu kayaona matundu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Amepeleka funguo za stoo kwa Nasreen, jirani wa mlango wa pili, akamwambia mwenye mume kama mimi hawezi kutunza mali ya watu. Miaka tisa! Nikasema nitakiri. Akasema nikakiri kulekule nilikojisifia. Nimeandika yote kwenye kundi, mpaka rangi ya kucha. Bi Wafa akauliza jambo moja tu: ile video aliyonipa niihifadhi, ya marehemu akicheka harusini, ipo? Nikajibu ipo. Akasema yamekwisha, nikamtake radhi mke wangu. Nimelia chooni, bomba nikiwa nimelifungulia.

Jumanne, 19 Agosti
Ghassan kapanda na kasha jeusi la nafasi nane. Kumbe alinunua mawili. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Diski zote zimeingia, wala hazipati joto. Kuruthumu ameanza kuitikia salamu zangu. Nimeapa kutulia.

Ila kila anayeingia anasema, ah, kama la Ghassan! Haivumiliki. Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa plastiki. Alumini haikai na joto, mpishi yeyote anajua. Na stooni kuna sufuria kubwa la pilau, la shughuli, na lina mfuniko wake. Funguo anazo Nasreen, na Nasreen hana choyo. Drili sijairudisha.