Ufalme Wangu na Jani la Isale

Jumatatu, 6 Machi 2006
Balaa! Kwenye kafe ya intaneti hapa Pasua nimekuta barua pepe ya wakubwa wa gemu. Eti ufalme wangu utafutwa leo leo nisipothibitisha neno la siri. Ng'ombe, kuta, wapanda farasi! Na Jumapili tunapigana na Ildefonce wa mtaa wa Soweto, jeshi lote la Pasua limekabidhiwa kwangu. Hilaria mwenye kafe akachungulia. Kasema wakubwa wa gemu hawaombi neno la siri hata siku moja, na anwani ile ina herufi za ajabu. Tena, kasema, wananiita “Mpendwa Mchezaji”, ina maana jina langu hawalijui. Wivu wake tu. Nimejaza haraka, umeme wa mgawo usije ukakatika.

Jumanne, 7 Machi
Neno la siri limekataliwa. Nimeandika polepole. Limekataliwa! Kwenye ramani ufalme wangu una jina jipya, na ng'ombe hawapo. Wenseslaus, kamanda wetu, kauliza kama jeshi liko tayari. Nimesema liko tayari kabisa.

Alhamisi, 9 Machi
Nimepata dawa! Nimepanda mlimani Uru kwa bibi. Baada ya shikamoo nikamweleza kwamba kuna mtu kachukua ng'ombe wangu, namtaka anirudishie bila ugomvi. Bibi kasema kwetu Wachagga anayepeleka jani la isale huwa ni mkosaji anayeomba radhi, au mtu mwenye ombi zito; akishalipeleka, hakuna wa kumkatalia. Ombi ninalo! Nimechuma moja mpakani mwa kihamba, shamba lake la migomba, nikashuka nalo mbio. Hilaria kaliweka kwenye skana. Limetoka jeusi tii, lakini isale ni isale. Tumelituma kwa mwizi, kwa anwani ile ile ya juzi, chini nimeandika jina langu kwa heshima. Hilaria kauliza kama mwizi ni Mchagga. Hilo sikulifikiria.

Jumamosi, 11 Machi
Kajibu! Jani limemgusa sana. Atarudisha kila kitu, anahitaji tu neno la siri la barua pepe yangu. Na safari hii kaandika “Mpendwa Elisaria”!

“Kaka Elisaria,” Hilaria akasema taratibu, “jina si umempa mwenyewe?”

Huyu dada haheshimu desturi. Nimejaza.

Jumapili, 12 Machi
Barua pepe yangu haifunguki. Wenseslaus kaja kafe, uso umemvimba kwa hasira. Kumbe jana jioni alipata barua kutoka kwangu, ikimwomba neno lake la siri. Akatoa, maana ni mimi. Wenzetu wote vilevile. Ildefonce kashinda bila kurusha mshale. Nimeona aibu, nusura nilie.

Hilaria kasema jani la isale nimpelekee Wenseslaus. Kwa kosa gani? Mimi ndiye niliyeibiwa! Tatizo nimeshaliona: jani lilitoka jeusi, mwizi hakuliona vizuri. Kesho napanda tena Uru kuchuma jingine. Nimefungua anwani mpya, na safari hii tutalituma kwa rangi.