Ombi la Kurudishiwa Saa Isiyo Sahihi

Stoo, chumba cha nyuma,
Jumatano, 25 Juni.

Kwa Ndugu Meneja wa Karakana,

KUHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA MSTARI MMOJA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu kidogo. Ningeweza kupanda ngazi nikueleze kwa mdomo, lakini kama utakavyoona, mdomo ndio kiini cha shauri lenyewe.

Nimekuwa mtunza stoo wa karakana hii kwa miaka tisa. Katika muda wote huo sijalalamika kwa maandishi hata mara moja, ukiondoa lile suala la feni, ambalo lilikwisha. Leo nalalamika. Juzi Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, Bi Mhandisi alivuka barabara hadi zahanati, akafungua kasha letu la ukutani la kuwaita wagonjwa wa foleni kwa namba, akabadilisha mstari mmoja wa programu, akalifunga, akarudi kunywa chai. Kwa mstari huo mmoja ameninyang'anya sauti. Naomba nirudishiwe.

Nayaweka mambo kwa namba ili tusichanganyikiwe, wewe na mimi.

1. Unakumbuka mwezi wa tano alipotafutwa mtu wa kusoma namba kuanzia moja hadi mia mbili, pamoja na maneno "nenda dirisha la", ili zirekodiwe na kutiwa ndani ya kasha. Kila mtu alikuwa na udhuru. Bi Mhandisi akasema, "Mpeni Filimbi, angalau yeye hachoki kuhesabu." Filimbi ni mimi. Jina hilo nimebandikwa hapa kazini kwa sababu ya sauti yangu, ambayo ni nyembamba. Sikatai. Nimeishi nayo miaka thelathini na minane. Nikasoma namba zote mia mbili, na ilichukua siku nzima kwa sababu kila nilipofika sabini na saba kompresa ya jirani iliwaka.

2. Sasa kuhusu lile linaloitwa kosa. Ndani ya kasha kuna chipu inayoitwa kodeki, na kazi yake ni kugeuza tarakimu kuwa sauti. Kodeki haina mwendo wake yenyewe. Inafuata mapigo ya saa inayopewa, kama mtu anayetwanga kwa kupokezana na mwenzake. Saa hiyo inaweza kutoka mahali pawili: kwenye kristali ndogo iliyochomelewa pembeni yake, au kwenye prosesa, yaani ubongo wa kasha. Draiva, yaani ile programu inayoiongoza kodeki, lazima iambiwe mambo mawili: saa inatoka wapi, na inapiga mara ngapi kwa sekunde. Ikishaambiwa, inaamini. Haiendi kuhakikisha wala haisengenyi. Ningependa tuwe na wafanyakazi wengi wa namna hiyo.

Draiva yetu iliambiwa kwamba kristali inapiga mara milioni kumi na mbili na ushee. Kristali iliyokuwamo inapiga milioni kumi na moja na ushee. Basi kila neno lilitoka likiwa limepungua kasi kwa asilimia nane. Nilipima mwenyewe: tangazo la sekunde tano lilichukua sekunde tano na karibu nusu. Na sauti ikipungua kasi, inashuka na kuwa nzito.

Kristali hiyo niliitoa stoo mimi mwenyewe, sifichi. Stoo naipanga kwa tarehe ya kuingia vitu, si kwa aina. Kristali za aina zote mbili ziliingia siku moja, tarehe 14 Machi, kwa hiyo zilikaa droo moja, kihalali kabisa. Wa kuulizwa ni yule aliyezileta siku moja.

3. Jumatatu tarehe 2 Juni kasha liliwashwa. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa zahanati, tayari kuondoka haraka. Likasema, "Namba moja, nenda dirisha la pili." Ndugu Meneja, ilikuwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe na wajukuu. Namba moja alisimama, akavua kofia, akaenda dirisha la pili kama mtu aliyeitwa kupewa cheo. Jioni niliandika katika shajara yangu: "Leo nimesikilizwa."

Labda hujui uzito wa maneno hayo, kwa kuwa wewe ukikohoa tu watu wanatoa kalamu. Katika kikao cha Februari nilipendekeza kabati la waya lisogezwe mbali na sinki. Nikapendekeza tena Machi. Nikapendekeza tena Aprili, nikiwa na mchoro. Mwezi wa tano mlinzi, ambaye sauti yake inatikisa vikombe, alisema, "Hili kabati si lisogezwe?" na mkapiga makofi. Kumbukumbu za kikao zinasema wazo ni la mlinzi. Sina ugomvi naye. Nasema tu kwamba maneno yalikuwa yaleyale, asilimia nane chini.

4. Hapa ndipo penye maumivu, nami naomba usome ukiwa peke yako.

Alhamisi tarehe 5 nilivuka barabara kupeleka ufunguo wa kasha. Anayegawa namba pale zahanati ni dada mmoja mrefu, anaandika kwa mkono wa kushoto na anawafahamu wagonjwa wote kwa magoti yao. Akaniuliza kama namjua mwenye ile sauti. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza ni nani. Nikajielekezea kidole kifuani. Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe? Haya, hebu sema kitu."

Nikashika koo. Nikakohoa mara mbili. Nikachukua karatasi ya namba nikaandika nyuma yake: "Koo linauma."

"Pole jamani," akasema. "Sauti kama hiyo uitunze."

Tangu siku hiyo nimevuka barabara mara tisa, na mara zote koo limekuwa likiuma. Ameniletea maji ya chumvi ya kusukutua mara sita, na nimeyasukutua mbele yake. Jumatatu tarehe 16 daktari mwenyewe alitoka chumbani kwake, akanifungua mdomo, akamulika kwa tochi, akasema haoni chochote, na kwa sababu haoni chochote akaandika rufaa niende hospitali kubwa. Nimeihifadhi. Wakati huohuo tumekuwa tukiongea na dada yule, yeye kwa mdomo na mimi kwa karatasi, na nimegundua kwamba mtu anayeandika hasemi upuuzi mwingi. Amenisimulia habari za mama yake mdogo anayemtafutia wachumba wenye magari mabovu. Nimemsimulia jinsi ya kutambua waya wa shaba wa bandia. Amecheka mahali nilipotaka acheke.

Ijumaa tarehe 20, yeye ambaye koo lake ni zima, alichukua kalamu akaandika: "Ukipona, nataka kusikia ukitaja jina langu." Karatasi hiyo ipo stoo, kwenye droo ya tarehe 20 Juni, na haitoki bila saini.

Nilikuwa na mpango. Nyumbani kwa dada yangu, ninakoishi, nilianza mazoezi ya kulitaja jina hilo kwa sauti nzito, kidevu kikiwa kimebanwa shingoni. Sikuwa nimefika mbali. Mpwa wangu wa miaka sita aliniuliza, "Mjomba, umemeza nini?" Lakini niliamini kwamba kwa mwezi mmoja hivi ningefika, mradi kasha liendelee kunishuhudia.

5. Jumatatu likaacha kunishuhudia. Bi Mhandisi alilipima kwa kile kipimo chake cha mawimbi, akaona kristali siyo inayotajwa kwenye draiva. Hakuibandua. Aliiambia draiva iache kristali kabisa, ichukue saa kutoka kwa prosesa. Saa nne na nusu, nikiwa hapa stoo, nikasikia kutoka ng'ambo: "Namba thelathini na nne, nenda dirisha la kwanza." Alikuwa Filimbi. Mzima mzima, bila hata mafua.

Nilimfuata Bi Mhandisi kwenye chai. Akasema, "Lakini si ndiyo sauti yako?" Nikamjibu kwamba ndiyo maana nimekuja. Akasema sasa kodeki ina saa sahihi. Nikamuuliza, sahihi kwa nani? Je, kuna mgonjwa aliyelalamika? Kuna aliyekwenda dirisha lisilo lake? Akanisogezea mandazi, nikaelewa kwamba hoja zimemwishia.

Sijavuka barabara tangu hapo. Dada yule amesikia mimi ni nani mara zaidi ya mia moja kwa siku, kwa siku ya tatu sasa, bila mimi kuwapo kujitetea.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, ambayo naamini hayazidi uwezo wa ofisi yako:

(a) Draiva irudishwe kwenye kristali yake, na iambiwe milioni kumi na mbili kama zamani. Ni mstari mmoja. Naweza kumshikia Bi Mhandisi ngazi.

(b) Kama (a) ina ugumu, zahanati iandikiwe barua rasmi kwamba sauti iliyomo sasa ni ya binamu yangu.

(c) Kwa kuwa imethibitishwa kwamba chipu yaweza kuchaguliwa chanzo cha saa bila kuulizwa inatoka ukoo gani, haki hiyohiyo ienezwe kwa wafanyakazi. Kwenye vikao niwekewe kipaza sauti chenye kodeki yake na kristali ya milioni kumi na moja. Mlinzi awekewe cha kumpandisha juu kwa kiasi hichohicho, kwa muda tu, mpaka mapendekezo yetu yalingane.

(d) Saa ya ukutani nayo ipunguzwe kasi kwa asilimia nane. Nimefanya hesabu. Siku ya kazi ya saa nane itakuwa na saa nane na dakika arobaini na mbili, na saa ikituonyesha nane, nani atabisha? Naitoa hii kama zawadi kwa menejimenti, ili isionekane kwamba najifikiria peke yangu.

(e) Karakana nyingine zikiuliza kwa nini sisi tunachelewa, zijibiwe kwamba hatuchelewi, tuna uzito.

Ndugu Meneja, naelewa kwamba kuna watu watakaosema kazi ya kifaa ni kusema ukweli. Nami nasema kifaa hicho kilisema namba za kweli na madirisha ya kweli. Kilichoongeza ni heshima tu, na heshima hiyo haikutoka katika bajeti ya mtu yeyote.

Nakutakia afya njema. Nisalimie mama watoto, karani wa juu, dereva, mlinzi pia, na Bi Mhandisi, ambaye simchukii ila nimeacha kumwazima bisibisi.

Ni mimi katika utumishi,
Mtunza Stoo.

Nyongeza. Saa saba na nusu mchana. Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa mvuke wa birika, naomba radhi kwa mikunjo.

Dada wa zahanati amekuja. Ametokea kwenye dirisha la stoo bila taarifa, nami nikasema "Karibu, nikusaidie nini?" kabla sijakumbuka kwamba naumwa. Nikashika koo, lakini sauti ilikuwa tayari nje.

"Acha hilo koo," akasema. "Kila Jumanne lori likija nakusikia mpaka dirishani kwangu: 'Jamani taratibu, hivyo vinavunjika!' Mwaka mzima nakusikia. Nilitaka nione utasukutua maji ya chumvi mpaka lini."

Nikamuuliza, kwa nini basi aliisifia ile sauti nzito. Akasema alikuwa ananipa nafasi ya kusema si yangu. Yeye ilikuwa inamtisha, ilikuwa kama baba yake akimkuta amechelewa kurudi, na wagonjwa walikuwa wanafika dirishani wamesimama wima kama wana kesi. Jumatatu kasha lilipoanza kuongea kama mimi alijisemea, haya, leo mwenyewe amefika kazini. Amenisubiri siku tatu nivuke, akachoka, akavuka yeye.

Halafu akaegemea dirisha, akiningoja. Nimelitaja jina lake. Limetoka juu kabisa, pengine asilimia nane zaidi ya kawaida yangu. Ameniambia nirudie.

Kwa hiyo draiva isiguswe, prosesa isiguswe, na kristali nitazitenganisha kesho asubuhi katika droo mbili. Barua ningeichana, lakini nimeshaiandika kwenye rejista ya barua zinazotoka, na rejista siifuti. Naomba uisome, uiweke kwenye faili, na usitekeleze chochote kilichomo. Badala yake niruhusu nusu saa zaidi ya mapumziko ya mchana kesho, ambayo ndiyo ningeiomba tangu mwanzo kama ningejua cha kuomba.