Ukuta wa Chumba cha Mikutano

Jumatatu, 19 Januari 2026

Sijamwambia mtu, hata mama. Ukuta wa chumba cha mikutano una mavi ya ng'ombe ndani. Nimeyatia mimi!

Nieleze. Ghala la zamani la pamba hapa Musoma linageuzwa ofisi za watu wa kompyuta. Hakuna kiyoyozi, hakuna saruji. Injinia Ursula anasema saruji hupikwa kwa moto mwingi mno, hewa inachafuka. Kuta za mawe zinabaki, ndani tunasiriba udongo. Mimi na Yasmin tumepewa kila mmoja ukuta wake. Ijumaa Injinia atachagua mmoja abaki kujifunza ufundi. Nikikosa, naenda Bunda kuuza dukani kwa shangazi. Kuongea na wateja kutwa nzima. Kuongea!

Udongo mtupu hupasuka. Bibi kule Butiama huchanganya mavi, na nyumba yake haina ufa. Jana nilitoka kwake na ndoo. Njiani walioniuliza niliwaambia ni mtindi.

Kumwambia Injinia? Mdomo uligoma. Nikangoja waende kula.

Jumatano, 21 Januari

Ukuta wa Yasmin umepasuka kama kisigino. Wangu laini! Nimejifanya kusikitika. Fundi mkuu, Mzee Pazi, amenusa akauliza nani kafungua zizi jirani. Nikakohoa.

Ijumaa, 23 Januari

Balaa! Ukuta umeota. Mtama! Kumbe ng'ombe wa bibi walikuwa wameingia shamba la jirani.

Na wenye jengo wamekuja leo leo. Mzee Pazi akauliza palizi ni lini. Yasmin alicheka mpaka akakaa chini, akasema shoga, ukivuna unikumbuke kwa uji.

Injinia hakucheka. Akauliza nimechanganya nini. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Akauliza tena. Nikasema kwa sauti ya mbu: mavi. Ya ng'ombe.

Akang'oa mche mmoja. Akapapasa ukuta wote akitafuta ufa. Hakuna! Akasema nafasi ni yangu, ila kuanzia leo nisiguse kitu kabla ya kumuuliza. Nikaapa mbele ya wote.

Yasmin alinipa mkono. Anarudi kwenye cherehani ya baba yake. Nilitaka kumwambia pole. Nikamshika tu mkono, muda mrefu, mpaka akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 24 Januari

Chumba cha juu kinaunguza, bati tupu. Nikawaza: mafunjo! Ziwani yamejaa bure. Ukiyapanga chini ya bati, joto halipiti, na umeme hauhitajiki.

Nilikwenda kumuuliza Injinia, kweli nilikwenda. Nikafika mlangoni. Alikuwa na wageni wawili. Wawili! Nikarudi.

Mafunjo yako chini ya bati tayari. Kuna kitu kinatembea ndani yake. Mjusi tu, nadhani. Mjusi mkubwa kidogo.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba sana, hili libaki kati yetu. Injinia asijue.