Mkutano wa Wanaprogramu, Mimi Nikiwa Mlangoni

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita. Butembo.

Simu kutoka Beni. Mama Jeannine, rais wa koperative ya kakao, anasema application yangu ya kuorodhesha wakulima ni nzuri, lakini inafunguka kwenye Android tu. Yeye na nusu ya makarani wake wana iPhone. Anataka moja inayofunguka kwenye zote mbili. Atakayemletea Jumatatu ijayo ndiye atakayepata kazi: mimi au Kaswera.

Kaswera! Mimi ndiye niliyemfundisha kuwasha kompyuta. Asante ya punda ni mateke.

Lakini bahati ipo. Keshokutwa unaanza mkutano wa wanaprogramu, siku tatu, kwenye ukumbi wa parokia. Mwalimu Ésaïe anatoka Kinshasa kufundisha jambo hilohilo: unaandika mara moja, inafunguka kwenye simu za kila aina. Wengine wataenda kujifunza. Waende. Mimi nitamshika Ésaïe mwenyewe, anifanyie. Nimejiandikisha kuwa protocole, mpokea wageni.

Jumatano, tarehe 11.

Suti nyeusi, utepe wa kijani begani. Protocole ndiye anayeamua nani akae wapi. Kaswera amefika mapema na mashine yake ya kompyuta, akaniuliza kwa heshima zote, kama kaka yake mkubwa: «Yaya Sikuli, nikae wapi?» Nimempeleka nyuma kabisa, ukutani, nyuma ya nguzo. Mbele nimejiwekea kiti changu, uso kwa uso na Ésaïe.

Saa tano wakubwa wa serikali wameingia na walinzi wao. Walikuwa wengi kuliko walioalikwa. Mwanajeshi mmoja akanitazama, nami nikainuka kwenye kiti changu. Mwenye nguvu mpishe. Nimesimama mlangoni hadi saa kumi, nafungua, nafunga. Ésaïe amefundisha saa tatu nzima. Mimi nimesikia bawaba.

Alhamisi, tarehe 12.

Leo mazoezi kwenye mashine. Prise zote za umeme za mbele zimekufa. Inayotoa umeme ni moja tu, nyuma kabisa, ukutani. Ésaïe amebeba mashine yake, akaenda kuketi karibu na Kaswera, na ukumbi mzima ukageuza viti. Mimi nimebaki mbele nikilinda viti vya wakubwa, ambao leo hawakuja. Nimemwomba Mardochée, mkuu wa maandalizi, alete waya mrefu. Amenijibu kwamba umeme si kazi yangu: «Protocole hagusake courant.»

Mchana nimempakulia Ésaïe fufu kwa mkono wangu. Nimeketi naye, nimemsimulia maisha yangu dakika arobaini. Amesikiliza vizuri. Kisha ameomba kitu kimoja: nimwonyeshe nilichoandika. Mashine yangu iko nyumbani. Protocole anabebaje mkoba?

Ijumaa, tarehe 13.

Mpango mpya, na ni wa akili. Ésaïe anapelekwa Beni leo saa nane kupanda ndege ya kesho. Nimeelewana na dereva: kiti cha pembeni ya Ésaïe ni changu. Saa mbili barabarani, mimi na yeye, bila Kaswera. Tangu asubuhi nimekaa ndani ya gari mtu asije akaniporea nafasi. Kipindi cha mwisho, cha kujaribu application kwenye simu zote mbili, kimenipita. Si kitu.

Tumetoka Butembo, Ésaïe akasema amechoka, akalala. Amelala hadi Beni. Nimekohoa mara nyingi. Tulipofika amenishukuru kwa fufu ya jana. Nimerudi kwa pikipiki, na mvua yote imeniishia mgongoni.

Jumatatu, tarehe 16. Beni.

Mama Jeannine ameweka simu mbili mezani. Application ya Kaswera imefunguka huku, imefunguka na kule. Yangu nimesema iko njiani. Mama amenionea huruma, jambo ambalo ni baya kuliko matusi. «Papa Sikuli, siku tatu ulikuwa kwa mukutano. Ulikuwa unafanya nini kule?»

Nimetoka nje, nimeketi juu ya magunia ya kakao, nimelia. Miaka miwili nimezunguka mashamba ya Mabalako kwa miguu, naandika majina ya wakulima, mmoja baada ya mwingine, kwenye tope na jua. Kazi ile ilikuwa yangu. Imeniuma sana, na ninapoandika bado inauma.

Jumanne, tarehe 17. Butembo.

Kaswera amepiga simu. Anasema amemweleza Mama Jeannine kwamba orodha ya wakulima ni jasho langu, na bila orodha hiyo application yake ni ganda tupu. Anataka tuifanye kazi wote wawili. «Yaya, kuya siku ya samedi saa munane kwetu Vulamba. Nitakuonyesha yote Ésaïe alitufundisha. Haiko nguvu, utaelewa mbio.»

Nimecheka peke yangu. Nani anagawa elimu bure? Anataka watu wa Vulamba waone mwalimu wake anageuka mwanafunzi wake. Mimi si mtoto.

Tena nimesikia kwamba Jumamosi hiyohiyo atapita Beni mkubwa mmoja wa mambo ya kompyuta. Jina lake silijui bado, wala sijui anafanya kazi gani hasa. Nitamngoja tangu alfajiri na nitambebea mizigo. Suti nimeipeleka kupigwa pasi. Kaswera nimemjibu kwamba Jumamosi sina nafasi.