Rufaa ya Samaki Aliyekataliwa kwa Sababu ya Harufu

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Wavuvi wa Ndoana.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umeketi. Nakuandikia kama mwanachama namba thelathini na moja, wala si kama mume wa binti yako. Baba Mkwe nimemwekea salamu zake mwishoni. Naomba asisome huku juu.

Siku tisa zilizopita, kwenye mashindano ya kuvua samaki aina ya besi pale bwawani, nilileta kwenye mizani samaki wa kilo tatu na robo, mkubwa kuliko wote wa siku ile. Ulichukua chambo changu cha plastiki, ukakiweka puani, ukasema mbele ya wanachama wote, "Hiki kimepakwa." Kanuni ya kumi na nne, uliyoitunga mwenyewe, inakataza kupaka chambo bandia mafuta ya harufu ya kuvutia samaki. Besi wangu akakataliwa, na jina langu, lililokuwa limeshaandikwa ubaoni kwa chaki, ukalifuta kwa kiganja. Nakata rufaa kwa sababu hizi:

1. Mafuta ya harufu hayajawahi kunisaidia. Kwa miaka minne, siku zisizo za mashindano, nimepaka kila kinachouzwa: cha kitunguu saumu, cha kamba, cha minyoo, na kimoja kilichobanduka lebo ambacho hadi leo sijui ni cha nini. Sikupata besi hata mmoja. Nilichopata ni paka watatu wa jirani, ambao sasa hunisindikiza kazini, na kikao cha familia kuhusu koti langu la uvuvi, ambalo siku hizi linalala nje. Chupa moja ilinipasukia saluni, chini ya kiti cha wateja, na kwa wiki mbili nilinyoa watu waliokuwa wakinitazama kwa huruma kwenye kioo. Mtu mwenye rekodi hii hawezi kutuhumiwa kudanganya. Kudanganya nako kunataka kipaji.

2. Pua iliyotoa hukumu haikuwa katika hali yake. Asubuhi ile, saa kumi na mbili, nilikunyoa ndevu mimi mwenyewe, nikakupaka spiriti, na juu ya spiriti manukato, ukapiga chafya tatu. Pua ile isingeweza kutofautisha kitunguu saumu na shuka lililotoka kufuliwa. Nasema kwa heshima zote, kwa kuwa kosa lilikuwa la mkono wangu.

3. Kila mwanachama ananuka. Mhazini anavuta sigara. Katibu anajipaka dawa ya mgongo ambayo huifikia mashua ya pili. Mimi mwenyewe nanukia vichwa vya watu. Ikiwa kanuni ni kanuni, basi wote wanuswe kabla ya kupanda mashua, na mnusaji asiwe mwanachama. Napendekeza mmoja wa wale paka, kwa kuwa ana uzoefu.

4. Wauzaji wenyewe husema harufu haimwiti besi kutoka mbali. Inamfanya tu asiharakishe kutema chambo. Besi wangu hakuhitaji kubembelezwa. Alimeza hadi kooni, na ilituchukua, mimi na binti yako, dakika kumi kuitoa ndoana kwa koleo tuliloazima asubuhi kwenye sanduku lako la uvuvi. Huyo hakuvutwa na harufu yoyote. Ni mjinga aliyenaswa na mjinga mwenzake, jambo ambalo halikukatazwa na kanuni yoyote.

5. Kielelezo kinatutesa. Samaki yuko kwenye friza, amefungwa gazeti, na nimepiga marufuku asiliwe mpaka rufaa isikilizwe. Mkia wake unazuia mlango usifungike, kwa hiyo tumeuegemeza kwa stuli. Wanangu, ambao ni wajukuu wa mtu unayemfahamu, wamekula maharage mara tano wakiitazama stuli hiyo.

6. Kwa miaka kumi na moja umenitambulisha kwa watu kama "huyu kinyozi". Siku ile, nilipomnyanyua samaki, ulimgeukia mgeni usiyemjua hata jina, ukamwambia, "Huyu ndiye mkwe wangu." Nilisikia. Nikaangalia saa. Ilidumu dakika nne, mpaka ulipokishika kile chambo. Hilo liliniuma kuliko ubao.

Kwa hiyo naomba jina langu lirudishwe, safari hii kwa rangi. Ikishindikana, naomba washindi wote tangu klabu ianzishwe wafutwe mpaka ithibitike kwamba hawakunukia chochote, ukiwemo wewe uliyeshinda mara saba.

Nisalimie Katibu na mgongo wake, Mhazini, na mlinzi wa lango la bwawa aliyenisaidia kumbeba samaki. Mama Mkwe mpe salamu nyingi. Baba Mkwe naye, akiwa ameshafika, shikamoo.

Wako mtiifu katika ndoana,
Kinyozi, mwanachama na. 31.

Tanbihi: Binti yako ameisoma barua hii kabla sijaifunga, kwa sababu bahasha ziko kwenye droo yake. Anataka ukweli uandikwe. Besi alimvua yeye. Mimi wakati huo nilikuwa nimepiga magoti ndani ya mashua nikitafuta miwani yangu, na nilipoinuka nikapewa samaki ninyanyue. Anasema pia kwamba chambo kilipakwa, matone mawili, na alikipaka mwenyewe. Chupa aliikuta ndani ya sanduku lako, chini ya koleo. Ilikuwa imebaki nusu, na anauliza nusu ya kwanza ilimvulia nani samaki.

Basi, futa sababu zote isipokuwa ya sita. Samaki anatoka kwenye friza Jumapili, saa saba mchana. Njoo na Mama. Kutakuwa na majirani wawili mezani ambao bado hujawaambia mimi ni nani.