Visigino Vyangu, Asali na Sala ya Ukweni

Leo nimevua suruali ukweni. Katikati ya sala. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, mguu wa kushoto umeumuka kama andazi, na mama yangu bado anacheka huko jikoni.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi simu hapa Tunduma, kazi nafanyia sebuleni, na sitoki. Nikienda mbali sana ni dukani, tena kwa ndala. Kwa vumbi hili na baridi hii, visigino vilipasuka mpaka mchumba wangu Sekela akawa anasema naweza kuparia samaki. (Sikubisha. Niliwahi kujaribu.)

Shida ilianza nilipoitwa kwao Igamba nikaonekane.

"Kwetu viatu vinaachwa mlangoni," Sekela akaniambia. "Na shangazi yangu haangalii sura. Anaangalia miguu. Anasema asiyetunza kisigino hatatunza mke."

"Na akinikataa?"

"Baba hapingani na dada yake. Utaoa hizo simu zako."

Nikakumbuka asali. Kuna mama mmoja mfugaji, akipanda kutoka bondeni Momba hunipa simu yake nitengeneze, na safari hii alikuwa ameniachia kidumu cha asali ya porini. Nyeusi, nzito, inanukia moshi. Akaniambia niijaribu kwa sisimizi, maana asali ya kweli hawaigusi. Nikadondosha tone kwenye njia yao ukutani. Jamani, walilizunguka kama watu wanaomkwepa mlevi!

Hii asali naiheshimu kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kikohozi cha mama kilichokuwa kinaamsha majirani, kijiko asubuhi na jioni na limao, kimya. Kidole changu nilichokiunguza na chuma cha kuchomelea waya, nikapaka, hata kovu halionekani. Sasa visigino: kila usiku napaka, navaa soksi, nalala. Wiki haijaisha, nyufa zimeziba, ngozi laini kama ya mtoto. Nilikuwa nakaa najishika mguu mwenyewe, natabasamu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Mimi asubuhi nikasema nipake ya mwisho, ing'arishe. Nikapaka mguu wa kulia, kidumu kikaisha. (Nilikuwa naikinga afya yangu kwa vijiko. Vikubwa.) Sasa naendaje ukweni mguu mmoja unang'aa, mwingine mkavu?

Nilipofika Mlowo kubadilisha usafiri, nikamwona kijana anauza asali kwenye chupa za maji ya kunywa, kreti nzima, inameta mpaka unaona upande wa pili.

"Hii asali kweli?"

"Kaka! Kama siyo asali nirudie hapahapa."

Nikajificha nyuma ya magunia ya mahindi, nikapaka mguu wa kushoto, nikavuta soksi juu. Kuhusu sisimizi, niliona nitachelewa bodaboda.

Mpango ulikuwa nikikaribia kwao nivue soksi, nijipanguse, niingie kifalme. Wakanipokea barabarani! Nikaingia na soksi zangu zinanata kwenye saruji, kila hatua inalia *pchaa, pchaa*.

Shangazi ametulia kwenye kigoda. Macho moja kwa moja miguuni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona hutoi soksi, baba?"

"Baridi, shangazi."

"Tunduma hakuna baridi?"

Nikacheka peke yangu. Chakula kikaletwa, kuku mzima na ugali. Baba mkwe akasema, "Mgeni atuombee." Tukasimama, tukafumba macho.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru..."

Kitu kikanigusa kifundoni.

"...kwa chakula... AII!... chakula hiki!"

"Amina!" akaitika mama mkwe.

Kikapanda. Vikapanda! "Bwana! Ooh Bwana! Waondoe!"

"Waondoe!" baba mkwe akapokea, sauti imepanda. Akadhani nimeshukiwa na Roho. "Watoke!"

"Watoke!" nikapiga kelele, na sijawahi kuomba kwa imani kama hiyo. Nikaanza kuruka kwa mguu mmoja. Mama mkwe akaanza kupiga makofi. Hapo mmoja, mdogo mwekundu, akafika mahali ambapo sitapataja.

Suruali ikatoka. Sikumbuki nikiamua. Nakumbuka tu Sekela akisema polepole, "Yesu wangu."

Nimefumbua macho, niko na bukta, soksi moja mkononi, na sisimizi wamepanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwangu.

Shangazi akainuka. Akaninyanyua mguu wa kushoto kama anakagua mbuzi. Umejaa sisimizi. Akanivua soksi ya kulia. Hakuna hata mmoja. Akapitisha kidole kisiginoni, akanusa.

"Hii asali ya Momba."

"Ndiyo, shangazi."

Akanusa wa kushoto. "Hii sukari ya kuchemsha. Umenunua wapi?"

"Mlowo, shangazi."

Akaketi. Suruali iko sakafuni, kuku anapoa. Nikajua imeisha, narudi kuoa simu.

"Visigino vilikuwaje kabla?"

"Vilikuwa vinapara samaki," Sekela akasema. (Asante, mpenzi.)

Shangazi akapapasa tena kile cha kulia. "Na vimepona hivi?" Akamgeukia kaka yake. "Mpeni maji anawe, ale. Kijana anajitunza. Amedanganywa mguu mmoja tu." Kisha akanyoosha miguu yake mwenyewe mbele yangu. Jamani, nyufa! "Ukija tena, ulete kidumu. Cha Momba."

Kwa hiyo nimekubaliwa, ila na bukta. Wakati wa kurudi nimempitia yule kijana wa Mlowo, si alisema nimrudie hapohapo? Hayupo. Sisimizi ndio wapo.

Mcheke, lakini taratibu. Fundi wenu bado hawezi kukaa.