Kijiti cha Mkononi na Safari ya Kakamega

Jumatatu, 4 Agosti
Nesi alinionya. Kijiti cha kupanga uzazi kinaweza kuleta matone ya damu ovyo, kichwa kuuma, hata kunenepa. Nimepata matone tu, mengine sina. Leo mume wangu Bravin amesema Jumamosi twende kwa mama yake Kakamega. Kule mimi huosha sufuria za ukoo mzima. Nikashika kichwa. Nikasema ni kijiti.

Jumanne, 5 Agosti
Bravin amefua. Bravin amepika. Nimekula ugali wote. Wifi yangu Shantel, ambaye tunakaa naye hapa Bondeni, akasema hajawahi kuona mgonjwa wa kula hivyo. Nikamwambia kijiti huleta njaa. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimezidisha. Nilisema naona vitu viwili viwili. Bravin akakaa kitandani, macho yamelowa. Akasema, “Mercyline, kama ni hicho kijiti, kitolewe. Nitaenda kufungwa uzazi mimi.” Nikaona aibu. Kidogo. Kisha akasema safari ya Jumamosi imekufa. Aibu ikaisha. Kisha akasema mama yake anakuja kuniuguza.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama amefika na kuku wawili na mfuko wa mboga ya mrenda. Atakaa mpaka nipone. Ameninyang'anya simu, eti macho yapumzike. Uji bila sukari, asubuhi na jioni. Shantel anatabasamu mno.

Jumamosi, 9 Agosti
Wamenipeleka kliniki, wote watatu. Nesi aliposikia habari ya macho, hakucheka. Alisema hiyo ni dalili ya hatari, akaanza kunitafutia gari la kwenda hospitali kubwa. Ikabidi niseme ukweli. Kichwa kizima, macho mazima. Nesi akasema basi kijiti kibaki, matone ni kawaida, na nikichoka nayo kuna koili ya kuwekwa kwenye kizazi, isiyo na homoni. Bravin alitoka nje. Mama akaniambia polepole kwamba hata yeye amechoka na zile sufuria, na kwamba ningemwambia tu.

Jumapili, 10 Agosti
Mama ameondoka. Bravin amenisamehe, baada ya chapati. Nimeapa kusema ukweli daima. Jioni akanikumbusha harusi ya binamu yake kule Elburgon wiki ijayo. Nimewekwa kwenye kamati ya kumenya viazi, magunia matatu.

Nimeanza kuchechemea. Nisisahau, mguu ni wa kushoto.